Mwaka Mama Noela Alipoonja Kila Sahani

Noela alinipigia simu asubuhi nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa langu la kemia hapa Sake, na kabla hajasema neno nilijua. "Dada Sola," alisema, "Mama ametuacha." Sikumuuliza alikuwa anaumwa nini, maana mtu akifikia umri ule haulizwi. Niliwaruhusu wanafunzi, nikarudi nyumbani kufunga mzigo, na kitu cha kwanza nilichotia mkobani, kabla ya kitenge na kabla ya sabuni, kilikuwa kile kipampu changu cha kuvuta dawa ya kifua. Halafu nikakaa kitandani nikalia. Sisi watu wa ng'ombe tunasifiwa kwa kumeza machozi. Sifa hiyo mimi sikuwahi kuipata, na uzeeni siitaki. Mama Noela hakunizaa wala hatukuwa ukoo mmoja. Alinilisha mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na mwaka huo ndio uliofanya niwe na miaka mingine yote iliyofuata.

Nikiwa kwenye pikipiki kuelekea Mweso, matope yakiruka mpaka usoni na dereva akisali kwa sauti kila tulipokutana na lori, sikuwaza kifo chake hata kidogo. Niliwaza sombe yake, yale majani ya muhogo ya kutwangwa. Sitasimulia hapa nilizaliwa na nani na nani alimzaa nani. Ukoo wangu nauacha kule mlimani pamoja na ng'ombe wake. Inatosha kujua kwamba shule yetu ya mlimani iliishia kabla ya darasa la sita la sekondari, na mtu aliyetaka kufanya mtihani wa taifa, ule tunaouita Egzetat, ilibidi ashuke mjini. Baba yangu mdogo, Papa Sebahire, alikuwa akishusha maziwa soko la Mweso ndani ya zile bidoni, madumu ya njano, na katika soko hilo alifahamiana na mjane mmoja mkulima aliyeuza maharagwe na muhogo. Yeye alimpa maziwa, mama alimpa maharagwe, na kwa urafiki huo wa bidoni na gunia nikapata mahali pa kulala.

Chumba chenyewe kilikuwa nusu ghala. Upande mmoja magunia ya maharagwe yalipangwa mpaka yakafunika dirisha, upande wa pili kulikuwa na kitanda kimoja ambacho nililala mimi na Noela, binti yake wa pekee, ambaye alikuwa rika langu na mwenye mdomo mkali kuliko pilipili. Ukuta uliotutenga na jikoni ulikuwa wa mbao zilizoachana, kwa hiyo moshi uliingia bila hodi na maneno pia. Kupitia mbao hizo nilimjua Mama Noela kabla sijazoea kumtazama usoni. Alikuwa akipika huku akiongea na Mungu kama watu wanaodaiana maelezo. "Baba, unaona vile chumvi imepanda? Unaona na unanyamaza?" Kisha anacheka peke yake, anapuliza moto wa mbabula, lile jiko lake la makaa, anaendelea na wimbo wa kanisani mahali alipouachia. Kwetu mlimani jikoni palikuwa kimya. Nilidhani kwanza mama huyu ana kasoro kichwani, na haikupita muda nikagundua kwamba siku akinyamaza silali vizuri.

Chakula kilinishinda mwanzoni. Mimi nililelewa kwa maziwa, kivuguto, yaani maziwa ya mgando, na viazi. Kwake nilikuta bugali ya muhogo na sombe iliyopikwa kwa mawese mekundu aliyotumiwa na dada yake aliyeolewa Walikale. Nilitafuna kama mbuzi aliyepewa karatasi. Mama Noela aliniangalia akasema, "Usilazimishe, mutoto. Sombe inaingiaka pole pole, sawa na mugeni." Na kweli iliingia. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nagombania na Noela kile kikoko cha chini ya sufuria. Nataja haya kwa sababu jambo lililofuata lilikuwa juu ya chakula hichohicho, au ndivyo sote tulivyodhani, na nataka ijulikane kwamba nilikipenda.

Tangu utoto kifua changu kilikuwa kikipiga mluzi kidogo wakati wa baridi, na pua yangu ilikuwa imeziba muda mrefu kiasi kwamba sikujua kuna watu wanaonusa mvua kabla haijanyesha. Hakuna aliyeliona hilo kama ugonjwa. Mvua zilipoanza, mafua yaliingia darasani kwetu, nami nikarudi nyumbani natetemeka, kichwa kinagonga. Mama Noela hakuwa mtu wa kutazama mtoto akiumwa. Alikwenda dukani akarudi na vidonge vya aspirini vimefungwa ndani ya karatasi, akapika uji wa mtama, akasimama juu ya kitanda. "Kula kwanza," alisema. "Dawa hainywewake na njaa, itakukata tumbo." Alisema kweli, na hata leo mimi huwaambia watu hivyo. Nikala uji, nikameza vidonge, kichwa kikapoa. Lakini kabla jasho halijakauka, pua iliziba kabisa, macho yakawaka, na kifua kikaanza kufunga. Kuvuta hewa niliweza kidogo. Kuitoa ndiyo kazi. Nilikaa nimeinama, mikono juu ya magoti, mpaka jioni, Mama Noela akinisugua mgongo na kumuuliza Mungu maswali yake. Nikapona. Mafua ya pili yalikuja baada ya muda, na yote yakajirudia, uji, vidonge, kifua, ila safari hii vibaya zaidi, mpaka midomo yangu ikabadilika rangi.

Halafu nikaenda mlimani kwa likizo ya Pasaka, na huko pia nikashikwa mafua. Bibi alinichemshia maziwa na tangawizi, akanifunika blanketi zito linalonuka ng'ombe, nikalala, nikaamka mzima. Kifua kilipiga mluzi wake wa kawaida, basi. Hapo ndipo watu wazima walipokaa nje kwenye nyasi, mimi nikiwa ndani nyuma ya pazia, wakaanza kufikiri. Sauti ya Papa Sebahire ilikuwa ya chini lakini niliisikia yote. "Huku anakula, anapona. Kule anakula, kifua inafunga. Kule mara mbili, huku hata mara moja. Munataka nani akuje abaambie?" Mtu mmoja akataja neno karuho. Karuho ni sumu ya polepole ambayo watu wa kwetu wanaamini mwenye chuki huitia kwenye chakula cha mtu, kidogo kidogo, mpaka akauke. Mlimani na bondeni, watu wa ng'ombe na watu wa mashamba, hapo hatutofautiani: sote tunaiogopa. Na mwaka ule pande hizo mbili zilikuwa zimeanza kusalimiana kwa nusu mdomo. Mwanamke aliyetajwa karuho hakuhitaji hakimu. Nilishawahi kuona nyumba moja iliyochomwa kwa neno hilo. Zilibaki sufuria zake tu, nyeusi, katikati ya majivu.

Leo nikiwa mwalimu siwacheki watu wangu. Walilinganisha huku na kule, wakatafuta kinachotofautiana, na hivyo ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi kufikiri. Kuna kitu kimoja tu hawakukihesabu, nami sikukihesabu vilevile, ingawa nilikimeza mwenyewe. Walinipeleka kwa mzee mmoja mtoa karuho, akaninywesha maji ya majani, nikatapika mpaka nyongo. Mzee akapapasa ndani ya beseni akainua kitu ambacho mpaka kesho nitaapa ni ganda la harage. "Ni mwanamke anayekupikia," alisema. Kwa mtu aliyesimuliwa kila kitu kabla hajaanza kazi, alijua mengi sana. Mimi niliamini? Niliamini nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa inatamani kurudi kwenye kikoko cha sufuria.

Papa Sebahire alishuka nami Mweso, si kunirudisha, bali kuchukua vitu vyangu. Mama Noela alikuwa sebuleni anapepeta maharagwe kwenye ungo. Alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za ng'ombe, akaniuliza mimi habari za bibi yangu, na mikono yake haikuacha kazi. Baba mdogo alizunguka kidogo kama adabu inavyotaka, halafu akaingia kwenye neno lenyewe.

"Mama Noela, sikukuja na fujo. Lakini mutoto akikula kwako, kifua inafunga. Akikula kwetu, iko muzima. Batu banasema neno moja, na ile neno weye unaijua."

"Itaje, Papa. Miye sisemee bengine."

"Karuho."

Maharagwe yaliendelea kuruka na kutua. Noela alikuwa mlangoni, nikaona mkono wake umeshika nguzo. Mama yake alitoa kijiwe kimoja kwenye ungo, akakitupa nje, ndipo akamtazama baba mdogo.

"Ukitoka na ule mutoto leo, masomo yake imekufa. Na miye nimekufa pia, juu kesho soko yote itasema banamukimbiza kwangu juu ya karuho. Unajua kenye kinafuataka. Basi umuache mpaka Egzetat. Kila sahani nitaonja mbele yake. Hata maji. Kama kuko kintu ndani, tutaenda bote."

"Na kama kifua inafunga tena?"

"Njo utafanya kenye unataka."

Baba mdogo alitazama vitu vyangu, akanitazama mimi. Nadhani alitarajia nitaomba kuondoka. Nikasema nataka kufanya mtihani. Mama Noela aliinamisha kichwa kwenye ungo wake kama mtu aliyepewa kitu.

Kwetu sote ni desturi kwamba mwenye kukupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, haipokelewi kabla mwenyeji hajapiga funda. Lakini hiyo ni ya kinywaji na ni ya wageni. Mtoto wa nyumbani haonjewi sahani. Kumuonjea ni kukiri mbele ya watoto wako kwamba kuna anayekudhania mchawi. Mama Noela alifanya hivyo asubuhi na jioni. Alikata tonge, akalichovya, akalitafuna bila haraka huku akiniangalia machoni, akameza, akanisogezea. "Sasa weye." Siku za kwanza nilikula nimeinamisha uso. Noela alikasirika kwa niaba ya mama yake na kwa niaba yangu pia. "Mama, unamuonjea sawa chifu amekuja kutembeya!" Na mama akajibu, "Nyamaza. Miye niko nakula mara mbili, weye wivu tu inakusumbua." Tukacheka sote watatu, na kicheko hicho kilituokoa, lakini nje ya nyumba hapakuwa na wa kucheka. Neno lilikuwa limeshuka mlimani pamoja na maziwa. Jirani aliyezoea kuja kuomba kaa la moto alianza kuliomba kwingine. Sokoni watu walimpita mama na maharagwe yake mazuri wakanunua ya mtu wa pili yenye wadudu.

Kuna mazungumzo niliyoyasikia kupitia zile mbao ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. Mwanamke wa kanisani kwake alikuja jikoni mchana mmoja, akidhani niko shuleni. "Umurudishe kwabo," alisema. "Mutoto wa bengine atakuletea kifo. Unapata nini hapo?" Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, na kwa muda nikawa na hakika atasema ndiyo, amechoka, na angekuwa na kila sababu. Mama Noela alijibu, "Ni wangu mpaka Egzetat. Nyuma ya Egzetat ataamua yeye mwenyewe ni wa nani." Nililala kifudifudi juu ya gunia la maharagwe nikalia kwa shukrani, na sijui neno lingine la kuita hali ile. Ule ukali wa kusoma uliokuja kunishika miezi ile ulitoka hapo. Sikusoma ili nipate kazi mjini. Nilisoma ili mwanamke mmoja asiwe amedharauliwa bure.

Mafua ya mwisho yalitukuta wote nyumbani, zimebaki wiki chache kabla ya mtihani. Noela alipiga chafya, mama akapiga chafya, na mimi nikashikwa na homa. Ilikuwa siku ya soko, mchana, na Papa Sebahire aliingia na maziwa yake. Aliponiona nimejikunyata alitoa mfukoni mwa koti vidonge alivyonunua Sake. "Hii njo dawa ya nguvu," alisema, "ibuprofeni. Haitoke hapa." Hakuficha maana yake: vidonge vya Mama Noela hakuviamini tena. Mama aliingia jikoni. Alileta bugali na maharagwe, akakata tonge mbele yetu, akatafuna. Baba mdogo alitazama taya zake mpaka zikasimama. Nikala. Halafu baba mdogo mwenyewe akanitilia vidonge kiganjani, akaniambia vilevile alivyokuwa akisema mama: sasa umekula, meza.

Sahani hazikuwa zimeoshwa pale kifua kilipofunga. Safari hii hakukuwa na mluzi hata. Kulikuwa na ukimya, na ukimya huo ndio mbaya, kama nilivyokuja kujifunza. Nilisikia kiti kikianguka. Nikaona baba mdogo amesimama juu ya Mama Noela, kidole hewani, na maneno yamemjaa mdomoni. Mama alikuwa tayari amekwishafunga kitenge chake vizuri kiunoni. "Kwanza hospitali," alisema. "Maneno yangu utaikuta hapa hapa, haina miguu. Beba mutoto!" Baba mdogo akaniweka mgongoni. Kilichobaki nakumbuka vipande: harufu ya maziwa kwenye koti lake, na mama mbele yetu anakimbia pekupeku akipaza sauti watu watupishe njia, mwanamke ambaye angeweza kutumia nafasi ile kukimbilia upande mwingine.

Chumba walichoniweka kilikuwa cheupe na baridi, na usoni nilivalishwa barakoa iliyotoa mvuke wa dawa. Walinidunga sindano pia. Taratibu hewa ilianza kupita, nyembamba kama uzi, halafu kama kamba. Macho niliyafumba lakini masikio yalikuwa kazini, kama siku zote. Daktari alikuwa kijana wa Butembo, Dokta Kambale, mwenye sauti ya mtu asiye na haraka.

"Alikula nini?"

"Bugali na maharagi," alisema Mama Noela. "Na miye nilikula. Sahani moja."

"Dokta, tusidanganyane," alisema baba mdogo. "Ni karuho. Hii mara ya tatu."

Daktari hakucheka, na kwa hilo peke yake ningemshukuru. Akauliza kama pua yangu huwa inaziba. Wakamwambia tangu zamani. Akauliza baada ya kula nilimeza nini.

"Dawa ya gripe tu," alisema mama, yaani ya mafua.

"Gani?"

Nilisikia baba mdogo akipekua koti lake, halafu karatasi ikifunguliwa. Daktari akauliza tena: na mara zile za kwanza?

"Aspirini," alisema mama. "Nyuma ya uji. Haifai na njaa."

"Na kule mulimani, munamupatiaka nini akiwa na gripe?"

"Maziwa ya moto na tangawizi."

"Bila kidonge?"

"Bila," alisema baba mdogo, na neno hilo lilitoka dogo sana.

Daktari alivuta kiti akaketi, akawaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga mzigo. Mafua yanaletwa na virusi, na hakuna kati ya vidonge vile kinachoviua. Mwili wenyewe ndio unaovimaliza, kidonge kinapooza tu homa na maumivu. Kwa watu wengi hakina neno. Lakini kuna wachache wenye pumu, mara nyingi walewale wenye pua isiyozibuka, ambao miili yao haivumilii aspirini, wala ibuprofeni, wala ndugu zao wa ukoo ule. Wakimeza, kifua kinafunga. Mafua peke yake yanatosha kuchokoza pumu, na juu yake sisi tulikuwa tunaongeza kidonge. "Mutoto huyu mumupe parasetamol," alisema. "Hizi zingine, hata moja, hapana. Chakula ya huyu mama haina kosa. Kosa ilikuwa inakuja nyuma ya chakula, juu munafuata vizuri ile sheria ya kutokumeza na njaa."

Nilifungua macho. Mama Noela alikuwa ameshika ukingo wa kitanda changu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa ameshaelewa kitu kingine, kwamba mara mbili mkono ulionipa uji ndio ulionipa vidonge. Ndipo daktari, akiandaa dawa zake, akauliza bila ubaya wowote, "Na hii ya leo, nani alimupatia?"

Baba mdogo aliikunja ile karatasi ya vidonge. Ilikuwa zamu ya Mama Noela. Miezi yote ile ya matonge, soko lake lililokauka, jirani aliyemkwepa, yote yalikuwa mkononi mwake kama jiwe, na mtu wa kumpiga alikuwa amesimama pale pale. Alimtazama baba mdogo, akamtazama daktari.

"Tulimupatia siye," alisema. "Siye bote bawili."

Papa Sebahire akageuka akautazama ukuta. Nimesema watu wa ng'ombe humeza machozi. Siku ile yeye hakuweza, nami nilimpenda zaidi kwa hilo.

Nilitoka hospitalini na kipampu cha kwanza maishani mwangu na vidonge vidogo vya prednisoloni vya siku chache. Hapo ndipo nilipoona maajabu ya lugha ya dawa. Hivi navyo, daktari alisema, kazi yake ni kutuliza uvimbe, kama ile aspirini, lakini vinapita njia nyingine kabisa, na mirija ya kifua changu iliyokuwa imevimba ikanywea nikapumua kama mtu mpya. Pua ikafunguka. Jioni moja nilitoka uani nikanusa mvua kabla haijanyesha, nikamwita Noela kwa kelele kama nimeona nyoka. Na njaa! Nilikula sombe mpaka mama akashangilia, mashavu yakajaa, na Noela, aliyejiona mwembamba, akaanza kuulizia vidonge hivyo vinauzwa wapi. Daktari aliposikia alimkemea mpaka akanywea: dawa hiyo inaokoa kifua kilichofunga, lakini anayeimeza miezi ili anenepe anaharibu mifupa na kuuacha mwili bila ulinzi. Nilikumbuka kemeo hilo wakati wa korona, watu walipogombania vidonge vya jamii hiyo hapa Sake kwa kila kikohozi. Niliwaambia nilivyoambiwa: mgonjwa aliyezidiwa, anayepewa hewa hospitalini, inaweza kumwokoa, wewe mwenye mafua ya kawaida haikusaidii, na inaweza kukudhuru. Wengine walinisikia. Wengine walisema mwalimu wa kemia anataka kujifanya daktari.

Ila kujua ukweli ndani ya chumba cha hospitali ni jambo moja, na soko ni jambo jingine. Baba mdogo alilijua hilo. Siku ya soko iliyofuata alishuka na jibini nzima ya mlimani, akamwomba Mama Noela ampikie, na akakataa kuingia ndani. Alitaka kiti chake kiwekwe nje, mbele ya mlango, pale watu wote wanapopita. Mama akaleta bugali inayotoa moshi na sombe yenye mawese. Watu wakapunguza mwendo. Mama, kwa mazoea ya miezi ile, akainama kukata tonge la kuonja. Papa Sebahire akatanguliza mkono wake chini ya mkono wa mama, akachota, akachovya, akala mbele ya soko zima bila kuonjewa. Ilimuunguza mpaka macho yakamtoka.

"Pole pole, Papa," alisema Mama Noela. "Karuho haikuue, moto njo itakuua."

Kicheko kilianza kwa baba mdogo mwenyewe, kikaruka barabara, na kabla ya jua kuzama jirani alikuwa amekuja kuomba kaa la moto. Mimi nilifanya mtihani nikafaulu. Jibini hizo ziliendelea kuja kwenye nyumba ile mwaka baada ya mwaka, hata baada ya baba mdogo kuzeeka na kuzituma kwa mikono ya wengine. Nami kila nilipokwenda kumsalimia mama, nikiwa mwalimu, nikiwa mke wa mtu, nikiwa na mvi, alinipakulia, akakata tonge kwanza, akalitafuna taratibu akiniangalia machoni kwa ule uchokozi wake. "Sasa weye." Tulicheka kila mara.

Nilifika Mweso watu wakiwa wamejaa uani, wa mlimani na wa mashambani wamekaa mkeka mmoja. Tulimzika mchana chini ya mvua ambayo niliinusa kabla haijafika. Baadaye Noela, ambaye sasa naye ni bibi, aliniketisha kwenye chumba kilekile cha magunia, akaniletea bugali na sombe kwa mawese ya Walikale. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipiga magoti mbele yangu, akakata tonge, akalichovya, akaanza kulipeleka mdomoni mwake mwenyewe, huku ananitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama. Nikamshika mkono.

"Acha, Noela," nilimwambia. "Mama alishaonja."

Akaliweka tonge lile mkononi mwangu, nikala.